Tumbo la Mwezi: Maumivu ya Hedhi kwa Wasichana wa Katavi

Maumivu ya hedhi huanzia chini ya kitovu. Kwa wasichana wengi huja saa chache kabla ya damu kuonekana, au pamoja nayo, yakapanda kwa kasi siku ya kwanza, kisha yakapoa siku ya pili au ya tatu. Huja kwa mawimbi: tumbo linabana, linaachia, linabana tena. Kwa baadhi yao hushuka mapajani na kuzunguka kiuno hadi mgongoni. Wengine hutapika, huharisha, huumwa kichwa, hutokwa na jasho jembamba au hupata kizunguzungu. Mpanda mjini na vijijini Katavi, kama kwingi Tanzania, hali hiyo huitwa chango, pamoja na mambo mengine mengi ya tumbo la mwanamke. Ndiyo maana chupa moja ya dawa ya chango huuzwa kwa binti anayeumwa hedhi, kwa mke asiyeshika mimba na kwa aliyejifungua juzi.

Chanzo chake kinajulikana vizuri. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujiandalia utando laini wa kupokea mimba. Mimba isipotungwa, homoni ya projesteroni hushuka, utando huanza kubomoka, na chembe zake huzalisha kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi huuamuru msuli wa mfuko wa uzazi ujikamue ili kilichobomoka kitoke. Zikizidi, msuli hujikamua kupita kiasi na kubana mishipa ya damu inayoulisha. Msuli unaokosa oksijeni huuma, uwe wa moyo, wa mguu au wa mfuko wa uzazi. Sehemu ya kemikali hizo huingia katika damu na kufika utumboni, na hapo ndipo kichefuchefu na kuharisha hutokea. Basi binti anayekimbia chooni mara kwa mara siku ya kwanza ya hedhi huenda hana ugonjwa mwingine wa tumbo, na anayelala amejikunja wakati wenzake wanafagia uwanja wa shule hadeki.

Ujuzi huu si wa kale sana. Ni mwaka 1957 ambapo mtafiti wa Uingereza, V. R. Pickles, alitangaza kwamba damu ya hedhi ina kitu kinachoufanya msuli wa mfuko wa uzazi ujikaze. Mwaka 1971 Mwingereza mwenzake, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Hadi hapo, vizazi na vizazi vya wanawake walikuwa wameambiwa kwamba maumivu yao yako kichwani, na wengine bado wanaambiwa hivyo.

Kuna jambo moja linalowachanganya wazazi. Mara nyingi maumivu hayaji pamoja na hedhi ya kwanza. Katika mwaka wa kwanza au wa pili tangu binti avunje ungo, mizunguko mingi hupita bila yai kupevuka, na mzunguko usio na yai hauzalishi prostaglandini nyingi. Kwa hiyo binti aliyevunja ungo akiwa darasa la sita anaweza kupita mwaka mzima bila kuumwa, halafu akiwa kidato cha kwanza tumbo likamwangusha. Mama aliyezoea kumwona mzima hushtuka. Wapo wanaosema ameanza kujua wanaume, wapo wanaosema amerogwa, na wapo wanaomshuku kutoa mimba. Kilichotokea ni kwamba mayai yake yameanza kupevuka kwa mpangilio. Tuhuma hizo humfunga binti mdomo: mwezi unaofuata ataumwa vilevile, lakini hatasema.

Wanaoumwa ni wengi kuliko wasioumwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti 38 zenye wasichana na wanawake vijana 21,573, ulikuta karibu 71 katika kila 100 wanapata maumivu ya hedhi, katika nchi tajiri na katika nchi maskini bila tofauti kubwa. Mmoja katika kila watano alikosa shule au chuo kwa sababu hiyo, na wapatao 41 katika kila 100 walisema wanakaa darasani lakini akili haitulii. Katika darasa lenye wasichana 40, maana yake ni wasichana 28 hivi wanaoumwa. Rejesta ya mahudhurio huwahesabu waliokosa tu. Aliyekaa dawati la nyuma akiuma meno wakati wa hisabati ameandikwa kuwa amehudhuria.

Njia anayotumia msichana kukabiliana na maumivu hutegemea aliye karibu naye. Nyumbani, mara nyingi ni mama au bibi, na tiba ya kwanza ni kukanda: kitambaa kinachovywa katika maji ya moto, kinakamuliwa, kinawekwa chini ya kitovu. Ni tiba nzuri kuliko sifa inayopewa. Joto hulegeza msuli na kuongeza mwendo wa damu. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2001 lililinganisha plasta ya joto la nyuzi 39 hivi, iliyobandikwa tumboni, na ibuprofeni, na nafuu zilikaribiana. Pasipo plasta, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa khanga inatosha. Maji yanayochemka hayafai, hasa katika chupa nyepesi ya plastiki, ambayo hulainika na kumwaga. Shida ya kukanda ni kwamba kunahitaji moto, sufuria na mahali pa kulala, na mwanafunzi aliye darasani saa tatu asubuhi hana hata kimoja.

Ya pili ni mizizi. Majani na mizizi iliyochemshwa ipo katika kila soko la mkoa, na wapo wanaoisifia. Miongoni mwa vitu vya jikoni, tangawizi ndiyo iliyofanyiwa majaribio ya kutosha: unga wake, kati ya gramu 0.75 na 2 kwa siku katika siku za mwanzo za hedhi, ulionekana kupunguza maumivu kiasi. Chai ya tangawizi, basi, haina ubaya. Mzizi usiojulikana jina wala kipimo ni suala jingine, na zaidi ukinywewa pamoja na vidonge, kwa sababu ini na figo ndivyo vinavyosafisha vyote viwili.

Ya tatu, ambayo sasa imekuwa ya kwanza kwa wasichana wa mjini na wa vituo vya biashara, ni duka la dawa. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na baadaye kuenea nchini, yamesogeza vidonge hadi maeneo ambayo hayajawahi kuwa na famasi. Msichana hufika, husema tumbo linamuuma, hukatiwa vidonge kwa mkasi na kuondoka navyo ndani ya bahasha ndogo bila karatasi ya maelezo. Alichopewa kinaweza kuwa Panadol, Diclopar, ibuprofeni au Flagyl. Kwa mnunuzi vyote ni dawa ya tumbo, lakini kazi zake hazifanani hata kidogo.

Flagyl na antibiotiki nyingine haziondoi maumivu ya hedhi. Zinaua vimelea, na hapa hakuna vimelea. Msichana anayeambiwa kila mwezi kwamba ana yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa antibiotiki, akapona siku ya tatu, amepona kwa sababu siku ya tatu maumivu huisha yenyewe. Panadol, yaani parasetamoli, hupunguza maumivu lakini haizuii prostaglandini vya kutosha katika mfuko wa uzazi. Kwa maumivu mepesi inafaa, na kwa asiyeruhusiwa dawa kali zaidi ndiyo kimbilio. Zinazolenga chanzo ni ibuprofeni, diklofenaki, asidi ya mefenamiki na ndugu zao.

Hapa ndipo penye siri ya mambo yote, na ndipo wasichana wengi hupotezea nafuu ambayo tayari wamekwisha kuilipia. Dawa za jamii ya ibuprofeni huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Haziwezi kuziondoa zilizokwisha kutengenezwa. Anayesubiri hadi tumbo lichachamae, ajaribu kuvumilia asubuhi nzima, ndipo ameze kidonge mchana, amechelewa. Kidonge kitafanya kazi nusu, naye atasema dawa hii hainisaidii. Anayekimeza mara tu dalili ya kwanza inapojitokeza, au siku moja kabla ikiwa mzunguko wake unatabirika, hupata nafuu kubwa zaidi kwa kipimo kilekile. Ushauri wa kikwetu wa kuvumilia kwanza na kutumia dawa yakizidi, ambao kwa maumivu mengine una busara yake, kwa hedhi unafanya kinyume cha kinachotakiwa.

Kwa msichana wa miaka 12 na kuendelea, kipimo cha kawaida cha ibuprofeni ni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila maelekezo ya mtaalamu wa afya, na kwa siku 2 au 3 tu. Imezwe baada ya kula. Sharti hili linaonekana dogo, lakini mwanafunzi anayetoka nyumbani alfajiri bila kifungua kinywa na kutegemea uji wa saa nne, kama upo, atameza kidonge juu ya tumbo tupu, na kidonge hicho huchubua ukuta wa tumbo. Kipande cha muhogo au kiporo cha wali kilichobebwa mfukoni kinasaidia kuliko inavyodhaniwa. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayochokozwa na aspirini na mwenye uwezekano wa kuwa mjamzito hawatakiwi kujinunulia dawa hizi. Tena Diclopar ina diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja: anayeimeza pamoja na ibuprofeni na Panadol ameongeza dozi mara mbili bila kujua.

Ili kumeza mapema, lazima binti ajue tarehe. Mizunguko ya wasichana wadogo hucheza kati ya siku 21 na 45, hivyo kuhesabu 28 kichwani hakutoshi. Alama ndogo nyuma ya daftari, siku ya kwanza ya kila hedhi, kwa miezi mitatu au minne, huonyesha mwelekeo. Wapo wanaozijua dalili za mwili wao kuliko kalenda: matiti kujaa, kiuno kuwa kizito, chunusi. Hizo nazo ni saa ya kutosha.

Mazoezi pia hupunguza maumivu, ingawa ushahidi wake si mzito kama wa vidonge. Majaribio yaliyofanywa yalihusu mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara tatu kwa wiki, mwezi mzima. Ndoo ya lita 20 kichwani kutoka kisimani, au siku nzima kwenye shamba la tumbaku, haihesabiwi humo. Ni kazi, na siku ya kwanza ya hedhi huongeza uchovu juu ya maumivu.

Jiografia ya mkoa ina nafasi yake katika jambo hili. Katavi ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Ina zaidi ya kilomita za mraba 45,000, sehemu kubwa ikiwa misitu ya miombo na hifadhi, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958, zaidi kidogo ya mara mbili ya waliohesabiwa miaka kumi kabla. Vijiji viko mbalimbali, kuanzia Karema na Ikola kando ya Ziwa Tanganyika, Mishamo na Katumba walikopokelewa waliokimbia Burundi mwaka 1972, hadi Inyonga na mabonde ya mpunga ya Mpimbwe. Shule ya sekondari ya kata inaweza kuwa mbali kiasi kwamba wasichana hupanga vyumba karibu na shule, vile vinavyoitwa mageto, wakiishi wawili watatu bila mtu mzima. Katika geto hakuna bibi wa kukanda tumbo. Kuna rafiki, kuna duka la dawa, na mara nyingine kuna mwanamume anayejitolea kununua dawa na pedi, na msaada wake huja na deni.

Pedi zenyewe haziondoi maumivu, lakini huamua kama mwenye maumivu atatoka nje ya nyumba. Bunge la Tanzania liliondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye taulo za kike mwaka 2018. Mwaka uliofuata kodi ikarudishwa, Serikali ikieleza kwamba bei madukani haikushuka. Kenya iliondoa kodi hiyo tangu 2004 na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa wanafunzi taulo bure. Shuleni, penye mwalimu wa kike wa malezi, chumba cha stara chenye maji, na kabati lenye pedi na vidonge vichache, binti aliyeumwa saa tatu anaweza kurudi darasani saa tano. Mahali ambapo ruhusa lazima iombwe kwa mwalimu wa kiume mbele ya darasa zima, njia rahisi ni kutokuja kabisa.

Kati ya yote anayoambiwa binti anayeumwa, ushauri mmoja unastahili kuangaliwa kwa makini: vumilia, utapona ukizaa. Husemwa na mama, shangazi, muuza dawa, wakati mwingine hata mhudumu wa afya, na mara nyingi kwa huruma ya kweli. Una chembe ya ukweli. Maumivu ya aina hii hupungua kwa wanawake wengi kadiri umri unavyosogea, na kwa baadhi hupungua baada ya kujifungua. Lakini si kwa wote, na mimba haijawahi kuwa tiba ya kuandikiwa mtoto wa miaka 15. Unaposemwa Katavi una uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika mkoa huu walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa 2022 ulionyesha wastani wa taifa umeshuka hadi 22, na nafasi ya kwanza ikahamia Songwe. Mimba za mapema zina sababu nyingi, kuanzia umaskini hadi ndoa za utotoni, na tumbo la hedhi halimo miongoni mwa kubwa. Hata hivyo, binti aliyeaminishwa kwamba uzazi ni dawa amepunguziwa sababu moja ya kusubiri. Mfuko wa uzazi wa binti huyo unatulizwa na kidonge kinachouzwa katika kituo chochote cha biashara, kikimezwa kwa wakati.

Vidonge visipotosha, hatua inayofuata kitabibu ni homoni, vikiwemo vidonge vya majira, yaani vya kupanga uzazi. Hupunguza unene wa utando, huzuia yai lisipevuke, na hivyo prostaglandini hupungua tangu mwanzo. Huandikwa na mtaalamu baada ya kumhoji binti, kupima shinikizo la damu na kujua historia ya familia. Kikwazo kikubwa ni macho ya watu: msichana akionekana navyo husemwa kuwa mhuni, na mzazi anaweza kuvitupa jalalani. Hofu ya kwamba vinaharibu kizazi nayo ni kubwa, ingawa uwezo wa kushika mimba hurudi vinapoachwa.

Maumivu yote yaliyoelezwa hadi hapa ni ya mfuko wa uzazi usio na kasoro. Yapo mengine yanayotokana na ugonjwa, na kubwa miongoni mwake ni endometriosisi, hali ambapo utando unaofanana na ule wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye ovari, utumbo, kibofu au hata mbali zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata karibu asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Tanzania iliusikia ugonjwa huu zaidi kupitia mwanamitindo Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliyeeleza hadharani miaka ya maumivu na upasuaji wa mara nyingi. Kenya, mtangazaji Njambi Koikai aliugua tangu usichana wake, ugonjwa ukafika hadi mapafuni, naye akafariki Juni 2024. Wote wawili walitumia miaka mingi kabla ya ugonjwa wao kupewa jina.

Dalili za kutilia shaka zinajulikana. Maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi badala ya kubaki palepale; yanayoendelea hata damu ikishakata; yasiyopungua baada ya kutumia ibuprofeni kwa usahihi kwa mizunguko mitatu; damu nyingi inayolowesha pedi kila saa au yenye mabonge makubwa; maumivu makali wakati wa haja kubwa. Homa pamoja na uchafu wenye harufu ni maambukizi na hayasubiri. Hedhi iliyochelewa kisha maumivu makali ya upande mmoja inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Yupo pia binti wa miaka 14 au 15 anayeumwa tumbo kila mwezi ilhali damu haijawahi kutoka: huenda utando umeziba njia, damu inajikusanya ndani, na upasuaji mdogo humaliza tatizo.

Binti mwenye dalili hizi huanzia zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Mpanda. Anayefika na daftari lenye tarehe, siku zilizouma na dawa zilizotumika humrahisishia daktari kazi kuliko anayesema tumbo linaniuma tu. Ultrasaundi huonyesha uvimbe na damu iliyokwama, lakini endometriosisi ya hatua za mwanzo inaweza isionekane, hivyo picha safi haimaanishi kwamba binti anasingizia maumivu. Kwa muda mrefu uthibitisho ulihitaji kamera ya kuingizwa tumboni kwa upasuaji, huduma iliyo katika hospitali kubwa chache. Siku hizi daktari anaweza kuanza tiba ya homoni kwa kutegemea maelezo na uchunguzi, akaangalia matokeo kwa miezi mitatu hadi sita, na kumwandikia rufaa ya kwenda kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake iwapo nafuu haijapatikana.